MUKOJO UNAOVUJA BILA KUKOMA: UGONJWA WA FISTULA, NA NAMNA UNAVYOPONA

Mafundisho kwa wamama wanaokuja kupima mimba na kupima uzito wa watoto

Wenye watoto wadogo wawanyonyeshe tu. Mafundisho hayazuiwi na mutoto anayelia.

Leo tutafundishana juu ya ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja. Tukisema malaria, kila mutu anajibu. Tukisema minyoo, kila mutu iko na dawa yake ya kueleza. Lakini tukitaja mwanamuke anayevuja mukojo muchana na usiku, watu wanaangalia chini. Kwa sababu ya kunyamaza huku, wanawake wengi wanakaa miaka 5, miaka 10, hata miaka 20 na ugonjwa ambao munganga anaweza kuutengeneza kwa masaa machache. Ndiyo maana leo tutausema kwa sauti, bila haya.

Ugonjwa huu unaitwa fistula. Maana yake ni tundu, au njia iliyofunguka pahali ambapo hapapashwi kuwa na njia.

1. TUANGALIE KWANZA MWILI WETU

Chini ya tumbo la mwanamuke kuna njia tatu, nazo zinapakana kama nyumba tatu za muji mumoja. Mbele kuna kibofu, ni mufuko unaochunga mukojo. Katikati kuna njia ya uzazi, ndiyo mutoto anapopita. Nyuma kuna njia ya choo kikubwa. Kati ya nyumba hizi kuna ukuta tu wa nyama, na ukuta huo si munene.

Wakati ukuta ni muzima, kila kitu kinapita katika njia yake. Kibofu kinajaa, unasikia haja, unakwenda choo, unakojoa, basi. Lakini ukuta kati ya kibofu na njia ya uzazi ukitoboka, kibofu hakijai tena. Ni kama bido lenye tundu chini. Utalijaza ku kisima, lakini utafika nyumbani bila maji. Mukojo unashuka katika njia ya uzazi wakati wowote: mwanamuke akisimama, akilala, akila, akisali. Hana namna ya kuuzuia, hata akijikaza.

Ukuta wa nyuma ukitoboka, mavi na upepo vinapita katika njia ya uzazi. Wanawake wengine wanatobolewa mbele na nyuma pamoja.

2. TUNDU HILI LINATOKA WAPI?

Kila mumoja wenu afinye ukucha wa kidole gumba. Finyeni kwa nguvu. Munaona namna gani? Ukucha umekuwa mweupe, kwa sababu damu imekimbia. Sasa acheni. Wekundu umerudi, damu imeingia tena. Hakuna mubaya, kwa kuwa mulifinya kidogo tu.

Lakini mutu akikufinya pahali pamoja siku nzima na usiku muzima bila kukuachilia, nyama ya pale inakosa damu. Nyama isiyopata damu inakufa. Inaoza, inaanguka, inaacha tundu.

Hivyo ndivyo inavyofanyika wakati wa kuzaa. Kichwa cha mutoto kinashuka katikati ya mifupa ya nyonga. Kama njia ni ya kutosha, kinapita. Lakini kama nyonga ni nyembamba, ao mutoto ni mukubwa, ao amelala vibaya, kichwa kinanasa. Uchungu unazidi kusukuma, mifupa haisogei. Kati ya kichwa kigumu na mufupa mugumu kuna kibofu na njia ya uzazi. Vinafinywa kama kitambaa kati ya mawe mawili. Saa 6 zinapita, saa 12, siku moja, siku mbili. Mara nyingi mutoto anakufa tumboni. Kisha kufa kichwa chake kinalegea, na mwishoni anatoka.

Watu wa nyumba wanamulilia mutoto, wanashukuru kwamba mama amebaki muzima. Lakini shida ingine inakuja. Kati ya siku ya 3 na siku ya 10 nyuma ya kuzaa, ile nyama iliyokufa inaanguka. Asubuhi mama anaamuka, kitanda kimelowana. Anafikiri ni jasho, ao ni maji ya uzazi. Anabadilisha kikwembe. Kikwembe cha pili nacho kinalowana. Wanawake wengine wanaanza kuvuja siku ile ile ya kuzaa.

Mutaona basi kwamba mama huyu amepigwa mara mbili: alipoteza mutoto, na sasa anavuja. Wengine wanapigwa mara ya tatu, kwa sababu kichwa cha mutoto kilifinya pia mishipa inayokwenda ku muguu. Muguu unakosa nguvu, nyayo inaburutwa chini. Mara nyingi nguvu inarudi polepole kwa mazoezi, lakini anapashwa kusaidiwa.

3. NJIA ZINGINE ZA KUPATA FISTULA

Fistula nyingi za kwetu zinatoka ku kuzaa kulikochelewa. Lakini kuna zingine mbili ambazo tunapashwa kuzijua.

Ya kwanza, wakati wa operasio ya tumbo ao ya kutoa mutoto, pengine kibofu ao njia ya mukojo inajeruhiwa, zaidi kama mama alifika amechelewa na nyama yake imekwisha kuchoka. Mama anayevuja nyuma ya operasio arudi kwa munganga bila kungoja.

Ya pili ni jeuri. Katika inchi yetu, upande wa mashariki, tangu vita vya miaka ya 1990 wanawake na wasichana wengi wamenajisiwa kwa nguvu, na wengine walipasuliwa ndani mpaka ukuta ukatoboka. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa katika Bukavu mwaka 1999, ilianza kwa kusudi la kusaidia wamama wanaozaa, lakini ilipokea wengi sana wa namna hii. Munganga Denis Mukwege aliyeianzisha alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 juu ya kazi hiyo. Mwanamuke aliyetendewa hivi hana kosa lolote. Aletwe hospitali upesi, mbele ya saa 72 kupita, kwa kuwa kuna dawa za kumukinga na SIDA na zingine za kuzuia mimba. Na hata kama saa 72 zimepita, ao miaka imepita, aje tu. Vidonda vyake vitatunzwa.

4. MANENO YA UONGO TUNAYOSIKIA

Wanasema: "Amelogwa." Hapana. Tumeona pamoja kwamba ni kichwa cha mutoto na mifupa. Hakuna mulozi katikati.

Wanasema: "Alizini, ndiyo maana mutoto alinasa." Hapana. Mutoto ananasa kwa mwanamuke mwaminifu kama kwa mwingine. Nyonga haijui mwenendo wa mutu.

Wanasema: "Ni SIDA, ni kisonono, itatuambukiza." Hapana. Fistula haiambukizi. Unaweza kula naye katika sahani moja, kulala naye ku kitanda kimoja, kumupa mutoto wako amubebe.

Wanasema: "Ni ugonjwa wa sisi watu weusi." Hapana tena. Zamani wanawake wa Ulaya na Marekani walivuja vilevile. Mwaka 1855 hospitali ya wanawake ilifunguliwa katika muji wa New York, na wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa wa fistula. Leo kule ugonjwa huu wa kuzaa karibu umesahauliwa. Si kwamba nyonga zao zimepanuka. Ni kwa sababu mama akinasa, anapasuliwa upesi. Hakuna siri ingine. Ila kwetu Afrika na pande zingine za Asia, njia ni ndefu, franga hazitoshi, hospitali ni mbali. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linahesabu kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 wanapata ugonjwa huu kila mwaka.

Wanasema tena: "Haiponi." Huu ndio uongo mubaya kupita yote, kwa sababu unamufungia mama mulango.

5. MAISHA YA MWANAMUKE ANAYEVUJA

Tusimucheke mama huyu. Tutazame siku yake. Anaamuka mbele ya wengine ili afue vitambaa visionekane. Sabuni inakwisha mbele ya siku ya soko. Ngozi ya mapaja inachomwa na mukojo, inatoka vidonda. Sokoni wanafunga pua. Katika kanisa anakaa nyuma, karibu na mulango, kisha anaacha kwenda. Bwana anahama chumba, pengine anaoa mwingine. Mama wa bwana anasema: "Rudi kwenu." Kwa wazazi wake wanamujengea kijumba pembeni.

Kisha anafanya jambo moja ambalo wengi wanafanya: anaacha kunywa maji. Anafikiri, "Nikinywa kidogo, nitavuja kidogo." Wamama, hapa anajiumiza. Mukojo wa mutu asiyekunywa maji unakuwa mukali. Unanuka zaidi, unachoma ngozi zaidi, na unaweza kuleta mawe ndani ya kibofu. Mwenye fistula anapashwa kunywa maji mengi mpaka mukojo uwe mweupe kama maji. Mukojo mweupe haunuki sana na hauchomi.

Anapongoja operasio afanye hivi: anywe maji mengi, ajioshe mara kwa mara kwa maji safi, akaushe ngozi na kuipaka vazelini, atumie vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kuanikwa ku jua, na ale vizuri, maharagi, sombe, samaki, mayai, kwa sababu mutu mukonde na mwenye damu kidogo haponi haraka kidonda cha operasio.

6. DAWA YAKE NI NINI?

Tugawanye mara mbili: fistula mupya, na fistula ya zamani.

FISTULA MUPYA. Mama akianza kuvuja katika majuma ya kwanza nyuma ya kuzaa, asikae nyumbani hata siku moja. Aletwe upesi. Tutamuwekea sonda, ni mupira mwembamba unaoingia katika kibofu na kutoa mukojo inje. Kibofu kikibaki kitupu, ukuta unapumzika, na tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe bila kisu. Sonda inakaa majuma 4 mpaka 6. Si wote wanaopona hivi, lakini wako wanaopona, na ni wale waliokuja mapema. Hata mama ambaye havuji bado, lakini uchungu wake ulidumu sana, tunamuachia sonda kwa siku kama 14 ili nyama iliyofinywa ipate nguvu. Kwa hiyo tukikuwekea sonda usiseme, "Wananitesa." Tunachunga ukuta wako.

FISTULA YA ZAMANI. Hii inahitaji operasio. Mara nyingi munganga anangoja miezi kama 3 tangu kuzaa, ili kidonda kisafike na nyama iwe ya kushonwa. Mbele ya operasio anapima damu, anaangalia tundu liko wapi na ukubwa wake. Pengine anaweka maji ya rangi ya bluu ndani ya kibofu, aone yanatokea wapi.

Siku ya operasio, mama anapata sindano ya mugongo. Kuanzia kiuno mpaka chini hasikii maumivu. Mara nyingi tumbo halipasuliwi. Munganga anapita katika njia ya uzazi, anatenga kibofu na njia ile, anashona tundu. Kisha anaweka sonda, nayo inabaki kama siku 14.

Siku hizi 14 zina sheria tatu. Sheria ya kwanza: kunywa. Tunasema mutu wa fistula ni kunywa, kuvuja ku sonda, na kukauka ku kitanda. Sheria ya pili: sonda isizibe. Kama mufuko haupati mukojo, ao kitanda kinalowana, uite infirmieri saa ile ile, hata usiku wa manane. Mukojo ukirudi nyuma unaweza kufungua nyuzi. Sheria ya tatu: usijikaze na usibebe kitu kizito.

Kazi hii si kazi ya munganga yeyote. Inahitaji mutu aliyefundishwa, kwa kuwa operasio ya kwanza ndiyo yenye bahati kubwa ya kupona. Kule Etiopia, katika Addis Ababa, wanganga wawili, bwana na bibi yake, Reginald na Catherine Hamlin, walifungua mwaka 1974 hospitali ya fistula peke yake, na wanganga wengi wamefundishwa pale. Kwetu, Panzi katika Bukavu na HEAL Africa katika Goma wanafanya kazi hii. Hospitali ndogo zinatuma wagonjwa kule, ao zinaita wanganga wao waje wakati fulani kupasua wengi pamoja. Mara nyingi operasio za fistula zinalipwa na wenye kusaidia, mugonjwa halipi. Basi usiseme "sina franga" mbele ya kuuliza.

Je, wote wanapona? Tuseme kweli. Wengi wanapona, zaidi wale wenye tundu dogo. Wengine wanapasuliwa mara mbili ao tatu. Wengine tundu linafungwa, lakini wakikohoa ao kucheka mukojo unatoka kidogo. Hao tunawafundisha mazoezi ya kukaza nyama za chini. Wachache sana hawafungiki. Lakini hakuna anayejua kama iko kati ya wale wachache mpaka amepimwa.

7. KISHA KUPONA

Mama aliyepona anarudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo aichunge kama ya shamba. Imeandikwa hivi:

– Asilale na bwana mbele ya miezi 3. Munganga anaweza kusema mpaka miezi 6. Bwana aambiwe mbele yake, katika hospitali, ili asifikiri ni maneno ya bibi.
– Asishike mimba mbele ya mwaka mumoja. Tutamupa njia ya kupanga uzazi inayomufaa.
– Akishika mimba, aje kupimwa tangu mwanzo, na azalie hospitalini kwa sezariene. Asijaribu nyumbani. Mutoto akipita tena njia ile, anaweza kurudisha tundu.
– Akae karibu na hospitali mwezi wa 9, asingoje uchungu umukute mbali.

8. TUZUIE FISTULA MBELE YA KUJA

Wamama, kushona tundu ni vizuri, lakini kutotobolewa ni vizuri zaidi. Tufanye nini?

KWANZA, tuache wasichana wakomae. Msichana wa miaka 14 anaweza kushika mimba, lakini mifupa ya nyonga yake haijamaliza kukua. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya mwaka 1987, ilivyosahihishwa mwaka 2016, inakataza ndoa mbele ya miaka 18. Mbuzi za mahari zinakufa ao zinaliwa. Lakini mutoto aliyetobolewa atakuwa machoni yako kila siku. Na tuwape wasichana chakula sawa na wavulana. Musichana anayekula mabaki ya kaka zake anakuwa mufupi, na nyonga inabaki nyembamba.

PILI, tuje kupima mimba. Tunatazama kimo chako, namna mutoto amelala, damu, na namna ulivyozaa zamani. Lakini sikieni vizuri: kupima si kupiga ramli. Hata mama aliyezaa watoto 5 bila shida, wa 6 anaweza kunasa. Kwa hiyo inabaki

TATU, tuchunge jua. Uchungu ukianza kukaza na kufuatana, uangalie jua liko wapi. Likiwa linapanda, mutoto anapashwa kuzaliwa ao wewe unapashwa kuwa hospitalini mbele ya jua kutua. Likiwa linatua, mbele ya kupambazuka. Saa 12, basi. Mama mwenye uchungu asione jua likitua mara mbili. Ku maternite tunaandika kila saa ku karatasi inayoitwa partogramu: mulango umefunguka namna gani, moyo wa mutoto unapiga namna gani. Karatasi ikionyesha kwamba mambo hayasogei, tunajua mapema.

Dalili zingine za kuondoka mara moja: chupa ya maji imepasuka na uchungu haukuja, umesukuma zaidi ya saa moja na mutoto haonekani, mukono ao kitovu kimetangulia, unatoka damu, mukojo umekataa kutoka.

INNE, tusisukume mbele ya wakati, tusikande tumbo kwa nguvu, tusinywe dawa za majani za kuongeza uchungu. Dawa hizi zinafanya nyumba ya mutoto kukaza sana, na mutoto akiwa amenasa, inaweza kupasuka. Matroni wetu wa vijiji ni wasaidizi. Matroni mwenye akili ni yule anayesema mapema, "Twende."

TANO, tujitayarishe. Mwezi wa 7 ukifika, bwana na bibi wakae pamoja, wajibu maulizo manne: Tutaweka franga ngapi kila juma? Ni nani iko na pikipiki, na nambari yake ya simu iko wapi? Kama barabara ni mbaya, ni vijana gani watabeba tipoyi? Bwana akiwa safarini, ni nani atasema "mwende"? Wamama wengi wamechelewa si kwa kukosa njia, bali kwa kungoja mutu mumoja arudi kutoka machimbo.

9. MAULIZO YA WAMAMA

Haya ni maulizo ambayo tunaulizwa mara nyingi wakati wa mafundisho.

"Mama infirmieri, mie nazaaka na kisha nikikohoa mukojo unatokaka kidogo. Njo fistula?" – Hapana, mama. Fistula inavuja muchana na usiku, hata ukilala. Wako ni kulegea kwa nyama nyuma ya kuzaa. Lakini njoo tukupime, tutakufundisha mazoezi.

"Dada yangu anavuja miaka 12. Haiko kuchelewa?" – Haiko kuchelewa. Wanapasuliwa hata wenye miaka 30 ya kuvuja. Mulete.

"Akipona ataweza kuzaa?" – Wengi wanaweza. Wengine hawaoni tena damu ya mwezi kwa muda, ao nyumba ya mutoto iliharibika. Munganga atamupima na kumuambia kweli.

"Na bwana akikatala asipasuliwe?" – Mulete bwana kwanza, tuzungumuze naye. Wabwana wengi wanakatala kwa sababu hawaelewi. Tukiwaonyesha picha ya kibofu na kichwa cha mutoto, wanasema, "Kumbe!" Kuna wabwana waliobeba bibi zao siku mbili mpaka hospitali. Hao ni wanaume kweli.

"Kwetu kuna mama anajificha. Nitamuambia namna gani?" – Usimuambie mbele ya watu. Umutembelee nyumbani, ukae karibu naye, ule chakula chake. Halafu umuambie: "Nimesikia kuna dawa ya ugonjwa huu. Kama unataka, nitakusindikiza." Neno "nitakusindikiza" ndilo lenye nguvu. Mutu aliyekimbiwa na wote anaogopa njia kuliko kisu. Anafikiri, "Katika gari watanifukuza." Mama mwenzake akienda naye, amebeba vikwembe viwili na kipande cha sabuni, atafika.

10. TUKUMBUKE

1. Fistula ni tundu. Si bulozi, si azabu, haiambukizi.
2. Inaletwa mara nyingi na uchungu uliodumu sana bila musaada.
3. Anayevuja nyuma ya kuzaa aje siku ile ile. Sonda inaweza kumuponya bila operasio.
4. Anayevuja tangu zamani anaweza kupasuliwa, na wengi wanapona.
5. Mwenye fistula anywe maji mengi, asijinyime.
6. Aliyepona azalie hospitalini kwa sezariene.
7. Saa 12 za uchungu zisipite nyumbani.

Wamama, tumefika mwisho. Karatasi hii muipeleke nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe na mutoto wake. Tena tunawapa kazi moja. Hapa tumekaa wengi, tumetoka vijiji vingi, na pengine katika kijiji chenu kuna mama mumoja anayefua usiku. Tarehe 23 ya mwezi wa 5 kila mwaka, dunia yote inakumbuka wagonjwa wa fistula. Sisi tusingoje tarehe hiyo. Kupima mimba kwetu ni kila juma. Siku ile ya kuja, umulete. Aingie kwa mulango wa nyuma kama anaona haya, akuulize wewe mahali pa kukaa, na amuulize infirmieri wa maternite. Hatamuuliza kwa nini alichelewa. Atampa kiti, kitambaa kikavu na glasi ya maji, kisha ataandika jina lake.